Zima injini, ukae: vidokezo vya kutazama viumbe wa ziwa ukitokea Kamunyonge

Shemeji yangu alishuka stendi ya Bweri akitokea Dar es Salaam, tukapanda bodaboda mpaka Kamunyonge, na kabla hajamaliza chai akauliza: "Huku kwenu nyangumi mnawatazamia wapi?" Aliwahi kuwaona akiwa safarini Mafia na hajawasahau mpaka leo. Nikamwambia, "Nyangumi hatuna, shemeji, lakini kesho saa 11 alfajiri uwe umeamka." Ilipofika saa 3 asubuhi alikuwa ameshaona viboko kumi na mmoja, furukombe wawili wakigombea tawi moja, kenge anaogelea na, kwa muda mfupi sana, kichwa cha fisi maji. Njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, anatazama maji tu. Tangu hapo wenzake wananipigia kuuliza wafanye nini nao waone. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Nyangumi tuwaachie wa baharini.

Nyangumi wenye nundu hutoka kila mwaka kwenye bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na kati ya Julai na Oktoba hupita pwani yetu, kuanzia Mtwara, Mafia na Unguja mpaka Watamu kule Kenya. Ukimtaka papa potwe, nenda Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi mwezi wa pili au wa tatu. Ukitaka pomboo, nenda Kizimkazi. Ziwa Victoria ni maji baridi, limekaa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hao wote halina. Ukija Musoma na orodha ya Mafia utarudi mikono mitupu. Orodha ya huku ni kiboko, mamba, fisi maji, kenge, furukombe, mnandi, mdiria, yangeyange, mwari akijaliwa kupita, na samaki wa aina ambazo hazipo kwingine popote duniani. Hiyo inatosha kumjaza mtu asubuhi nyingi.

2. Toka kabla ya jua, rudi kabla ya upepo.

Hiki ndicho kidokezo ninachokirudia mpaka watu wanachoka kunisikia. Ziwa lenye kilomita za mraba 68,800 hivi hujitengenezea hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwani unaingia kushika nafasi. Sisi tuko upande wa mashariki, kwa hiyo mchana ukishakolea mawimbi yanatujia usoni. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, upepo unatoka kwetu kwenda ziwani, unakutana katikati na pepo za pande nyingine, na ndiyo maana ngurumo kubwa za ziwa hili hupiga usiku na alfajiri. Katikati ya hayo mawili kuna saa chache za asubuhi ambapo maji hulala kama mafuta kwenye sahani. Kichwa cha mnyama kikitokea juu ya maji ya namna hiyo, unakiona hata akiwa mbali. Kwenye mawimbi kitapita mbele ya pua yako usijue.

Jua la Musoma huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Saa 12 uwe umeshakaa kwenye boti, na saa 4 uwe unarudi. Asubuhi ina faida nyingine ambayo wapiga picha wanaipenda: ukielekea magharibi, kuifuata njia ya kisiwa cha Rukuba, jua linakuwa mgongoni mwako na kila ndege aliye mbele yako anaonekana na rangi zake zote. Ukitoka jioni, upande huohuo utaona vivuli vyeusi tu.

Ukiamka ukakuta ngurumo bado inatembea juu ya maji, rudi ulale. Ziwa litakuwepo kesho.

3. Tafuta nahodha kwanza, boti baadaye.

Mji wa Musoma umekaa kwenye rasi, kwa hiyo ukitoka Kamunyonge hutembei sana kabla ya kuona maji. Teremka mwalo wa Mwigobero asubuhi ya siku iliyotangulia, wakati wavuvi wa usiku wanarudi, ukae nao. Wasalimie kwanza, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, maana pale mwaloni mgeni anayeanza na bei kabla ya salamu huuziwa safari ya kuzunguka tu. Kisha uliza: mara ya mwisho umewaona wapi viboko? Fisi maji bado wapo kwenye yale mawe? Leo upepo utaanza saa ngapi? Anayekujibu kwa kuonyesha kidole mahali fulani, akataja na siku, huyo ndiye. Anayekujibu "kila kitu kipo, bosi, twende tu," mshukuru uendelee kutafuta.

Nahodha mwenyeji ni muhimu kwa sababu nyingine pia. Ziwa limepanda sana miaka hii. Mei 2020 lilivuka kiwango kilichokuwa hakijafikiwa tangu 1964, na Mei 2024 likapanda tena. Mawe yaliyokuwa yanaonekana sasa mengine yako kiganja kimoja chini ya maji. Anayejua yaliko ni yule anayepita hapo kila siku.

Bei patana kabla ya kupanda, na jua kwamba kinachokula pesa ni petroli. Ukimweleza mapema kwamba safari yenu nusu yake itakuwa ya kukaa injini imezimwa, bei inashuka na yeye anafurahi.

4. Boya mwilini, si chini ya kiti.

Kila mtu avae jaketi okozi na kulifunga kabla boti haijaondoka, nahodha naye. Hakuna familia ya kandokando ya ziwa hili isiyoikumbuka MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu, au MV Nyerere, iliyopinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya jana yake. TASAC ndio wanaosimamia usalama wa vyombo, hata vidogo. Boti isiyo na maboya ya kutosha usiipande, hata kama nahodha ni mjomba wako.

5. Zima injini, ukae.

Kama utakumbuka kimoja tu, kumbuka hiki. Watu wengi hulipia boti wakidhani wanalipia mwendo. Wanaona kiboko kwa mbali, wanamwambia nahodha "sogea, sogea," kiboko anazama, wanahamia kwa mwingine, naye anazama, na mwisho wanarudi mjini na picha ishirini za maji matupu.

Fanya hivi. Ukifika kwenye ghuba ndogo yenye mawe au kando ya matete, mwambie nahodha azime injini mkiwa bado mbali, boti iteleze yenyewe, kisha atie nanga. Simu zinyamazishwe. Mtu asisimame. Dakika tano za kwanza hutaona kitu, kwa sababu kila mwenye masikio ameshajificha. Dakika ya kumi mnandi anarudi kwenye jiwe lake. Ya kumi na tano kenge anatoka kwenye ufa. Nusu saa ikifika mmeshakuwa gogo kama magogo mengine, na hapo ziwa linaendelea na shughuli zake mbele yenu. Usiku nikifumba macho, ninachokikumbuka kutoka safari zangu zote ni hizo dakika za baada ya nusu saa.

Ndugu zetu wa Kizimkazi wamelijua hili kwa njia chungu. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa pale waligundua kwamba boti za watalii zikiwazonga, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na wa kucheza pamoja, wakabaki kusafiri huku na huku. Mnyama anayekimbizwa kila siku hulipa kwa usingizi na chakula chake. Sisi Musoma hatujafikia msongamano ule wa boti. Tuna nafasi ya kuanza vizuri, na inaniuma kuona vijana wachache wameanza kumzunguka kiboko kwa mwendo kasi ili wageni wapate video.

6. Jifunze vichwa.

Juu ya maji huonyeshwi mnyama mzima. Unapewa kichwa, mara nyingi kwa sekunde tatu, na kazi ya kutambua ni yako.

Kichwa kidogo cha mviringo, kinachokuja na alama ya maji yanayopasuka nyuma yake kama mkia wa mbayuwayu, halafu kinazama kwa mgongo kujikunja na mkia kufuata: fisi maji. Shingo nyembamba iliyosimama kama fimbo, mdomo umeelekea juu kidogo, mwili hauonekani: mnandi. Kichwa kirefu kilichoinuliwa, na mwili unaopinda kulia na kushoto kama kamba inayotikiswa: kenge. Vinundu vilivyotulia kwenye mstari mmoja, pua mbele na macho nyuma, na maji hayatikisiki hata kidogo: mamba. Masikio mawili yanayotikisika na kunyunyiza maji, kisha pumzi kubwa kama ya gurudumu linalotolewa upepo: kiboko, na uko karibu mno.

Halafu kuna kiumbe kinachowadanganya wageni wote siku ya kwanza. Ni cheusi, kinapanda na kushuka na mawimbi, hakiondoki mahali pake. Hicho ni kipande cha kandambili au chupa ya plastiki iliyofungwa kwenye wavu kama boya. Kiheshimu, kipite mbali, kwa sababu wavu uliokatwa na injini yako ni chakula cha nyumba ya mtu.

7. Fisi maji anataka mawe, asubuhi na subira.

Ningekuwa na uwezo ningemwekea fisi maji sanamu pale mjini. Wa ziwani kwetu ni yule mwenye madoadoa meupe shingoni na kifuani, na madoa ya mmoja hayafanani na ya mwingine, kwa hiyo mwenye darubini na daftari anaweza kuwajua mmojammoja. Ana uzito wa kilo nne hivi, sawa na sangara wa kawaida sokoni. Vidole vyake vyote vina utando, na mkia ndio usukani wake. Anawinda samaki kwa macho, ndiyo maana anapenda maji maangavu ya kwenye miamba kuliko tope.

Visiwa vya mawe vilivyo mbele ya Musoma, Rukuba kikiwemo, ndiyo makazi ya namna anayoitaka. Kabla hujamtafuta yeye, tafuta choo chake: juu ya jiwe bapa lililo karibu na maji utaona marundo madogo yenye magamba na miiba ya samaki. Ukiyakuta bado mabichi, tia nanga mbali kidogo ukae. Husikika kabla ya kuonekana, kwa mlio mwembamba kama wa ndege anayelalamika, na mara nyingi wakija huwa zaidi ya mmoja.

Wapo wavuvi wasiompenda, na sababu yao ninaielewa: hutoboa nyavu na kula kilichomo. Nimesikia akiitwa mwizi, na najua wengine wamemuua. Hoja ninayoitumia mwaloni ni ya mfukoni. Namwambia nahodha mbele ya wenzake, kwa sauti, kwamba leo nimelipa kwa sababu ya fisi maji. Nikimwona nampa nyongeza, na nasema hadharani nyongeza ni ya nini. Nawaomba na ninyi mfanye hivyo. Baada ya miezi kadhaa wavuvi waliokuwa hawamtaki ndio wanaonipigia simu: "Mwalimu, wako watatu leo, njoo."

8. Kiboko anayepiga miayo hana usingizi.

Anakuonyesha meno, na maana yake ni ondoka. Dume lina tani moja na nusu na zaidi, huzama dakika tano hivi kabla ya kuibuka kuvuta pumzi, na ukimwona amezama akielekea kwako usikae kuhesabu. Usijiweke kamwe kati yake na maji ya kina, wala kati ya mama na ndama. Nahodha niliyezoea kwenda naye hugonga ubavu wa boti kwa kasia polepole akikaribia kona ya matete, ili kama kuna kiboko upande wa pili ajue tunakuja. Anayeshtuliwa ndiye hatari.

Na kumbuka kwamba jua likizama kiboko hutoka kwenda kula majani, kilo arobaini hivi kwa usiku, na njia zake huzikata bustani za watu. Usitembee kandokando ya ziwa usiku kwa sababu tu umelewa uzuri wa nyota. Nchi kavu anakimbia kilomita 30 kwa saa. Wewe huwezi.

9. Mikono ndani ya boti.

Sababu ni mamba. Na ukiona mamba mkubwa karibu na mahali ambapo akina mama wanachota maji au watoto wanaoga, usimalize siku bila kumweleza mwenyekiti wa mtaa au kijiji ili maofisa wa wanyamapori wa TAWA wapate taarifa. Ulichokiona wewe kwa starehe kinaweza kuwa msiba wa mwenzako jioni hiyohiyo.

10. Ndege watakuelekeza.

Kundi la shakwe na buabua linalozunguka mahali pamoja na kujitupa majini linakuonyesha dagaa walioinuka juu, na aghalabu chini yao kuna sangara anayewasukuma. Nenda polepole mpaka pembeni ya kundi, si katikati. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili kundi hilo huchanganyika na buabua waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Jiwe lililopakwa chokaa nyeupe juu ni kituo cha mnandi. Yule anayekaa ametandaza mabawa hakusalimii. Manyoya yake hulowa maji, ndiyo maana anazama vizuri, na akitoka lazima ayaanike.

Lakini ndege ninayekuomba umpe dakika kumi nzima ni mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama hewani mahali pamoja kama amening'inizwa kwa uzi. Ujuzi huo ndio unaomwezesha kuvua mbali na nchi kavu, pasipo na tawi la kukaa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya na kwenye Ziwa Naivasha. Naivasha, jozi yenye makinda ilisaidiwa na watoto wao wakubwa tu. Kwenye ziwa letu, ambako kulisha makinda ni kazi ngumu zaidi, jozi zilikubali hata madume wageni, wasio ndugu, waje kusaidia kubeba samaki. Ukimwona mdiria wa tatu anapeleka samaki kwenye shimo la ukingoni, huenda unatazama jirani aliyeitwa kusaidia kulea.

Furukombe hahitaji maelezo, utamsikia kabla hujauliza. Ombi langu ni moja: msimtupie samaki ili ashuke mpige picha. Kuna maziwa ambako imekuwa biashara, na ndege anaishia kufuata boti badala ya kuvua. Anayejitafutia mwenyewe ataruka mara chache, lakini akishuka utaona kazi halisi, na samaki akiwa mzito kupita kiasi, ndege humburuta juu ya maji huku akipiga makasia kwa mabawa mpaka nchi kavu.

11. Tenga siku moja kwa ajili ya mafunjo.

Mto Mara huanzia milima ya Mau kule Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya kilomita 395 hivi hufika kwetu umechoka, ukatandaza kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo kabla ya kuingia ghuba ya Mara. Nyumbu tunaowaona kwenye televisheni wakivuka mto huwa wamevuka maji haya haya. Ingilia upande wa daraja la Kirumi, na mtumbwi wa kasia ni bora kuliko injini, kwa sababu ndani ya mafunjo utatumia masikio zaidi ya macho.

Sikiliza filimbi kali inayopokezana, mmoja anaita na mwenzake anajibu. Ni ndege mwenye utosi wa njano, mgongo mweusi na tumbo jekundu la kung'aa, ambaye makazi yake ni mafunjo ya kanda hii ya Ziwa Victoria na maziwa ya jirani. Mafunjo yakikatwa, hana pa kuhamia. Kwenye majani ya yungiyungi atapita sile, mwenye vidole virefu mno, akitembea juu ya maji kana kwamba ni uwanja. Na ukisikia mtu anameza hewa kwa nguvu karibu na ukingo, usitafute mtu: ni kamongo. Samaki huyu ana mapafu, lazima aje juu kuvuta pumzi, na kiangazi kikikausha dimbwi lake hujichimbia kwenye tope na kujifunika mpaka mvua irudi.

Kinamasi hiki ndicho chujio la mto kabla haujafika ziwani. Machi 2022 maji yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa, mkoa mzima ulielewa ghafla jinsi maisha yetu yalivyofungwa kwenye mto huu. Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Ukiwa huku wiki hiyo, ndiyo siku nzuri ya kwenda.

12. Usiloweshe miguu kwenye maji yaliyotulia.

Kandokando penye majani kuna konokono, na konokono ndio wanaobeba kichocho. Pandia na ushukie kwenye gati au kwenye jiwe. Kama uliingia majini, nenda kituo cha afya ukapime wiki kadhaa baadaye. Dawa ipo na inatibu.

13. Ndoo ya lita kumi yenye mfuniko.

Kamera, simu, chapati, vyote humo. Inaelea, inazuia maji, na ni kiti. Ongeza darubini hata ya kuazima, kofia yenye kamba, na kitenge cha kujifunika, maana alfajiri ya ziwani ina baridi ambayo watu wa Dar es Salaam hawaiamini mpaka waione. Chupa tupu irudi nawe nyumbani.

14. Mkirudi, tazameni mabeseni.

Baada ya kutazama vilivyo juu ya maji, mwaloni utaviona vya chini. Muombe mama anayeuza akuonyeshe furu: samaki wadogo, madume wengine buluu, wengine wekundu kama pilipili. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara waliletwa miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka kwa kasi iliyowashtua hata wataalamu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, akiwemo Frans Witte, waliokuwa wakifanya kazi na Watanzania kwenye ghuba ya Mwanza, waliona aina nyingi zikitoweka mbele ya macho yao. Baadhi zimeanza kurudi tangu sangara apungue kwa kuvuliwa. Kwa hiyo lile beseni usilipite haraka. Ngege wa asili naye, ukimpata, mtazame vizuri, kwani sato unaowajua waliletwa.

15. Upepo ukikunyima boti, una pa kwenda.

Butiama iko karibu. Pale Mwitongo pana kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake, na jirani pana msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu kwa vizazi. Septemba 1961, kabla hata ya uhuru, Mwalimu alikubali kwa niaba yetu, katika tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, kwamba viumbe hawa ni dhamana mikononi mwetu. Ni vizuri kulikumbuka tamko hilo ukiwa nyumbani kwake. Ukipenda gari zaidi, shuka Bunda mpaka geti la Ndabaka. Mito ya Grumeti na Mbalageti hupita huko ikielekea Ghuba ya Speke, na mamba wa Grumeti ndio wanaowafanya hata wenyeji wa Musoma wanyamaze.

16. Usiku wa giza, kaa nchi kavu utazame.

Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Subiri wiki ya giza. Taa zitatoka moja moja jioni, na ikifika saa 3 usiku upeo wote wa maji utakuwa umewaka kama mji ulioanzishwa leo. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Kipindi hichohicho cha mwezi mchanga utaweza kuona asubuhi nguzo za moshi zikisimama juu ya ziwa. Si moshi, ni wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa mamilioni. Hawaumi, na mbayuwayu huwafuata kama karamu.

17. Kiti cha mbele mpe mtoto.

Watoto wetu wengi wa Kamunyonge ziwa wanalijua kwa makatazo: usiende, kuna mamba, usiingie, kuna kichocho. Ni makatazo ya haki. Lakini mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka majini anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kukaa kwenye boti kwa ajili ya kutazama tu. Ukikodi boti ya watu sita na mko watano, uliza mtaani, kwa idhini ya mzazi, nani aje. Mfunge boya linalomtosha, mweke mbele, mfundishe vile vichwa vya kidokezo cha sita, kisha zima injini.

Mwezi uliopita tulikuwa na binti wa jirani, ana miaka tisa. Sisi wakubwa wanne, na darubini mbili, tulikuwa tunabishana kuhusu mwewe aliyepita. Yeye alinyoosha kidole kimyakimya upande wa mawe na hakukishusha mpaka sote tulipogeuka.